Viputo Ndani ya Kioo

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja mvuvi wa hapa kwetu Mwamgongo aliiletea kamati ya msikiti kitu alichokifunga ndani ya kanga. Kilikuwa kikombe kizito cha kioo cha kijani, kilichotanuka chini mfano wa kengele, na tundu lake lina michirizi ya kuzunguka kama ya parafujo. Alikiokota Ujiji enzi za ujana wake, chini ya nguzo iliyokwisha kukatwa. Sasa mfanyabiashara mpita njia amemwahidi fedha, naye akatuuliza: “Je, ni halali yangu kukiuza?”

Kikombe hicho ni kihami cha waya wa simu. Waya ukigusa nguzo iliyolowa mvua, umeme huvuja ardhini na ujumbe hupotea. Kioo hakipitishi umeme, na ule ukingo uliotanuka huikinga sehemu ya ndani isilowe. Michirizi ya tundu ni ubunifu wa Louis Cauvet wa Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1865. Kabla yake vikombe vilikuwa vikichomoka. Kwetu, simu aliyoikusudia Cecil Rhodes kuunganisha Cape na Cairo ilifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, ikakomea hapo. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Tulipokiinua kikombe juani, tuliona viputo vidogo vimetulia ndani yake. Mzee aliviona kuwa ubovu, na alikwisha kukubali kupunguza bei. Kumbe viputo ni gesi iliyonaswa kioo kilipomiminwa kalibuni kabla haijatoka yote, na huko Marekani wako watu wanaokusanya vihami kwa ajili ya kasoro za namna hiyo: viputo, mawimbi ya rangi ya kahawia, punje zisizoyeyuka. Kioo chenye manganizi huweza kugeuka zambarau kwa kupigwa jua miaka mingi. Wapo wanaokiharakisha kwa mionzi, kisha wakakiuza kana kwamba ni kazi ya jua.

Hapa pana somo kwa familia zetu. Kiputo ni aibu inayoonekana na kila mtu. Rangi ya kughushi ni uzuri unaoficha uongo. Dini yetu humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi naye asiutumie ujinga wa mwenziwe.

Ama swali la mzee, tulimkumbusha hukumu ya kitu kilichookotwa: hutangazwa kwanza, mwenyewe atafutwe. Tukawaonya na vijana kwamba kilicho juu ya nguzo ni amana ya umma, hakiguswi.

Mfanyabiashara hakusubiri. Siku ya pili mzee alipanda boti kwenda Kigoma kuulizia, kikombe kikiwa mapajani mwake. Alipoagana nasi ufukweni alisema: “Kama si changu, basi nilikuwa nakitunza tu.”