Kinyonga anapogoma kula, kasoro mara nyingi huwa kwa mfugaji

MWAKA wa 1972, vinyonga kadhaa wenye pembe tatu walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiuza wanyama wa kufugwa nyumbani.

Walifika wamekonda na kuishiwa maji mwilini. Mwenyewe akawaachilia kwenye miti ya ua wake ili wapate nafuu. Walipopata nguvu walitambaa wakaenda zao, na hadi leo vizazi vyao vingali katika visiwa kadhaa vya Hawaii, ambako vinahesabiwa kuwa wageni waharibifu kwa kuwa hula wadudu na konokono wa asili.

Kisa hicho kina funzo kwa kila anayefuga mnyama huyu. Kiumbe yule yule aliyedhoofika mikononi mwa binadamu alistawi mara tu alipoachwa ajitafutie chakula mitini.

Kinyonga huyo, aliyepewa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyewahi kuwa gavana wa Uganda, asili yake ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Pamoja na wenzake wa Yemen na Madagaska, hupendwa mno na wafugaji wa Marekani na Ulaya. Lakini malalamiko ya wafugaji hao hayaishi: kinyonga amekataa kula.

Sababu ya kwanza ni chakula cha aina moja. Wafugaji wengi hutegemea nyenje pekee kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Siku moja kinyonga humtazama nyenje kwa jicho moja, akageuza jicho la pili kwingine, na asifyatue ulimi. Porini, mnyama huyu hukutana na panzi, nzi, nondo, viwavi, mbawakawa na buibui. Hakuumbwa kula kitu kimoja mwaka mzima.

Hata hivyo, si kila mgomo ni wa kuchagua chakula. Mara nyingine huwa ni dalili ya maradhi yaliyoletwa na chakula chenyewe.

Ili mifupa iwe imara, wadudu anaokula kinyonga wanapaswa kumpa madini ya kalsiamu yanayokaribia maradufu ya fosforasi. Kwa nyenje, mizani hiyo imepinduka: fosforasi ni nyingi na kalsiamu ni haba. Kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huichota kutoka kwenye mifupa. Taya hulainika, miguu hupinda mithili ya matege kwa watoto, na misuli hulegea.

Ulimi nao hauponi. Kwa kawaida kinyonga huufyatua ukapita urefu wa mwili wake na kumnasa mdudu kwa muda ulio chini ya kufumba na kufumbua. Misuli ikidhoofika, ulimi huishia njiani au hautoki kabisa. Mfugaji akadhani mnyama anaringa, kumbe hawezi.

Tiba huanza kwa kumlisha mdudu kabla ya kumlisha kinyonga. Nyenje au panzi wapewe mboga na matunda kwa siku moja au mbili: sukuma wiki, karoti, boga na viazi vitamu. Mchicha na spinachi zisitegemewe sana, kwani zina asidi inayozuia kalsiamu isitumike mwilini. Baadaye mdudu hunyunyiziwa unga laini wa kalsiamu, kisha akaliwa kabla hajajipangusa.

Kalsiamu hiyo haifyonzwi bila vitamini D3, ambayo kinyonga huitengeneza anapoota jua. Ikumbukwe kwamba kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Ndiyo maana wafugaji wa nchi za baridi hutumia taa maalumu. Vitamini A nayo ikikosekana, macho huvimba na kufumba. Na kinyonga asiyeona hawindi. Lakini vitamini hizi zikizidi hudhuru, hivyo hutolewa kwa kipimo.

Aidha, wadudu wabadilishwe. Panzi, mende wa kufugwa, viwavi wa hariri na nzi wote wanafaa. Mabuu ya nzi askari mweusi, ambayo wakulima nchini Kenya huyazalisha kwa ajili ya chakula cha kuku, yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Mabuu yenye mafuta mengi yawe kama peremende kwa mtoto: mara moja moja tu.

Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo baina ya macho ya kinyonga. Mchanga hulishwa kila siku, ilhali mkubwa hutosheka akilishwa baada ya siku moja au mbili. Nyenje waliosalia waondolewe jioni, maana wanaweza kumng'ata usiku.

Kuna pia mambo yasiyohusu chakula. Kinyonga hutambua maji kwa matone yanayometa juu ya majani, hivyo anaweza kufa kwa kiu huku bakuli limejaa mbele yake. Aliyekaukiwa hali. Baridi nayo ina hila yake: watafiti wamebaini kuwa ulimi hufanya kazi vyema hata katika nyuzijoto 15, lakini tumbo huhitaji joto ili kusaga chakula. Kumshikashika, kumweka karibu na kinyonga mwenzake au mbele ya kioo cha kujitazamia humtia wasiwasi, akaacha kula.

Kinyonga mkubwa mwenye afya anaweza kususa kwa siku chache bila madhara, hasa anapojibambua ngozi au akiwa na mimba. Lakini macho yakibonyea, au akiyafumba mchana, daktari wa mifugo atafutwe. Kumfungua mdomo kwa nguvu ni hatari, kwa kuwa taya iliyolainika huvunjika.

Kwa Wakenya, jambo hili lina upande mwingine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumtwaa mnyama wa porini na kumfuga bila kibali. Anayempata kinyonga uani hana haja ya kizimba wala unga wa kalsiamu. Amwachie kichaka chake, na asikinyunyizie dawa ya kuua wadudu, kwa sababu dawa hiyo humaliza chakula chake na anaweza kuila ndani ya mdudu aliyekwisha kulegea.

Katika ua wenye majani, umande na wadudu wa kila namna, ni nadra kinyonga kugoma kula.