MTOTO ANAPOTOKA NYUMBANI KUINGIA DARASANI: SOMO KUTOKA MANTAPALA



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya watoto wetu, kwa maana mfanyakazi anayeamka saa kumi alfajiri kwenda shambani au kiwandani hafanyi hivyo kwa ajili ya tumbo lake peke yake.

Mfano wetu tunautoa Mantapala, wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Makazi haya yalifunguliwa mwanzoni mwa 2018 ili kuwapokea ndugu zetu wa Kongo waliokimbia mapigano ya 2017 katika majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Humo wakimbizi na wenyeji hulima jirani kwa jirani, na watoto wao husoma pamoja.

NYUMBANI SI KUKAA BURE

Kongo mwaka wa shule huanza Septemba. Zambia huanza Januari. Mtoto aliyemaliza darasa Kongo mwezi wa Saba kisha akavuka mpaka, hukuta mwaka wa Zambia unaelekea ukingoni. Ni rahisi akabaki nyumbani hadi Januari. Wengine hubaki zaidi, kwa sababu ya ugonjwa, kilimo au kulea wadogo zao.

Katika miezi hiyo mzazi mwenye akili hamwachi mtoto hivi hivi. Humsomesha jioni kwa Kiswahili au Kifaransa. Humpeleka sokoni, na mtoto anayepima chisense kwa kikombe na kurudisha chenji sawasawa anafanya hesabu kamili. Hiyo ni shule, hata kama haina kengele.

Taabu huanza siku anapoingia darasani.

ANAJUA, LAKINI HAONEKANI KUJUA

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 12 aliyesoma Kongo hadi darasa la nne. Zambia hufundisha kwa Kiingereza, na katika Luapula madarasa ya chini hutumia pia Kibemba. Mwalimu akitaja kwa Kiingereza herufi E, mvulana huyu anasikia "i", naye anaandika I kama alivyofundishwa kwa Kifaransa. Anawekewa kosa.

Anapewa hesabu ya kugawa 84 kwa 6. Kongo amezoea kuandika 84 kushoto, kupiga mstari, 6 kulia, na jibu chini ya 6. Zambia huandika 6 kushoto, 84 ndani ya kibanda, na jibu juu. Pande zote mbili jibu ni 14, lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika anaona mpangilio asioujua. Tena tatu na nusu mtoto anaiandika 3,5 kwa mkato, na hapa inatakiwa 3.5 kwa nukta.

Mwisho anaambiwa arudi darasa la kwanza, akae na watoto wa miaka 7. Magoti hayaingii chini ya dawati, na wadogo wanamcheka. Baada ya wiki chache huyo yuko ziwani anavuta nyavu, na mzazi anasema mtoto amekataa shule. Ndugu zetu, mtoto hakukataa shule. Aliona haya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, siku ya kuandikishwa mzazi aende mwenyewe. Achukue ripoti ya Kongo kama ipo. Kama imepotea njiani, achukue daftari la masomo ya nyumbani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kusomesha nyumbani, andika tarehe juu ya kila ukurasa na usitupe daftari. Hilo ndilo shahidi wa mtoto.

Pili, tuombe kwa heshima mtoto apimwe kwa lugha anayoijua, akiwapo mtu wa kutafsiri. Kutojua Kiingereza ni jambo moja, kutojua hesabu ni jambo jingine. Hatuombi upendeleo. Kongo kwenyewe kuna vituo vinavyowafundisha watoto waliochelewa masomo ya miaka sita kwa miaka mitatu. Tanzania ina mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, ambao umewarudisha watoto wengi katika madarasa ya kawaida. Wenzetu hao wamekubali kwamba mtoto mkubwa hawezi kuanzishwa kama mchanga.

Tatu, masomo ya nyumbani yasikome siku mtoto anapopata nafasi shuleni. Kosa hili tunalifanya wengi: tunasema sasa ni kazi ya mwalimu. Muhula wa kwanza ndio anatuhitaji zaidi. Nusu saa jioni yatosha. Mwonyeshe njia zote mbili za kugawa, aone kwamba jibu ni lile lile. Mwonyeshe kuwa Kibemba si ukuta: mtu ni umuntu, mwana ni umwana, nyama ni inama. Na Kiswahili chake asikitupe, kwani ndicho anachofikiria nacho.

Nne, mzoeze mapema. Wiki mbili kabla ya shule aanze kuamka kwa saa ya shule, akae chini na kazi moja mpaka iishe. Aliyesoma nyumbani huinuka apendapo, na darasani hilo huitwa utundu.

Tano, tusiwasahau mabinti. Tangu 1997 Zambia ina utaratibu wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Naye pia anatoka nyumbani kuingia darasani, na haya yake ni kubwa zaidi.

NJIA HII HUENDA NA KURUDI

Asiwepo anayesema jambo hili ni la wakimbizi tu. Machi 2020 shule za Zambia zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wote wakawa wanafunzi wa nyumbani. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilichelewesha kufunguliwa kwa shule hadi Februari 12. Nasi watu wa mashamba makubwa huhamahama na kazi, na watoto wetu huhama nasi katikati ya muhula. Nyumba iliyozoea nusu saa ya daftari kila jioni haishtuki shule ikifungwa, wala ikifunguliwa.

KAZI YA TAWI

Tangu 2022 serikali ya Zambia imeondoa ada katika shule zake za msingi na sekondari. Hilo ni jambo kubwa. Lakini asubuhi ya mzazi haijaondolewa gharama: kibarua akimsindikiza mtoto shuleni hukatwa siku yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lizungumze na mwajiri, mzazi apewe ruhusa ya asubuhi moja mwanzoni mwa muhula bila kukatwa. Pale mwajiri anapochelewa kujibu, tubadilishane zamu. Na mwenzetu anayejua Kiingereza au Kibemba asindikize mzazi asiyejua. Mzazi mmoja mlangoni kwa mwalimu mkuu huona haya kama mwanawe. Wakienda wawili, husema.

Umoja ni nguvu, ndugu, hata kwenye mlango wa darasa.