Irabu Isiyoandikwa: Mfano wa Kikalam

Miongoni mwa lugha za nyanda za juu za Papua New Guinea, Kikalam ndicho kinachotulazimisha kuuliza upya irabu ni nini. Wazungumzaji wake huishi katika mabonde ya Simbai na Kaironk, milimani katika Mkoa wa Madang. Kwao, neno lenye maana ya mwanamume huandikwa kwa herufi moja tu: b. Wanyama wawindwao ni kmn. Kuona, kusikia na kujua hubebwa na mzizi mmoja wa kitenzi, nŋ.

Tusidhani kwamba Wakalam husema bila irabu. Lugha yao ina a, e na o kamili. I na u nazo husikika, ingawa wapo wachambuzi wanaozihesabu kuwa sura za y na w. Neno kmn hutamkwa takriban “kimin”, ila irabu yake si i yetu: ulimi huinuka katikati ya kinywa, na midomo haiviringwi. Irabu hiyo fupi hujitokeza yenyewe pale konsonanti zinapokosa irabu ya kuzitenganisha. Kwa kuwa mahali pake hutabirika, haitofautishi maana. Kwa hiyo si fonimu. Bruce Biggs alilieleza jambo hili mwaka 1963. Nayo b hutanguliwa na king’ong’o, kama mb ya mbuzi, hata mwanamume akasikika karibu na “mbi”.

Sisi pia, tulipolipokea neno kilabu kutoka Kiingereza, tulipachika i ili kuvunja mfuatano wa konsonanti. Lakini i hiyo sasa ni fonimu kamili. Chukua kata, kiti, kuta na kitu: ondoa irabu, yote manne yanabaki kt. Ndiyo maana waandishi wetu wa hati ya Kiarabu walihitaji alama za irabu. Mkalam haihitaji alama ya irabu yake ya kutabirika.

Wako wanaoiona tahajia hiyo kuwa mzaha wa wanaisimu. Siafikiani nao, kwani humwandikia mwenye lugha, si mgeni. Ian Saem Majnep, Mkalam, alishirikiana na Ralph Bulmer kuandika Birds of My Kalam Country (1977), na maneno ya Kikalam humo yamepigwa chapa vivyo hivyo. Kamusi ya Andrew Pawley na Bulmer, iliyotoka mwaka 2011, inafuata njia hiyohiyo. Mgeni aifunguapo hana budi kujifunza kanuni kabla ya kutamka neno la kwanza.