Umehoji soko moja, mbona unaisemea Tanzania nzima?

Chukulia mwanafunzi wa chuo amehoji mama ntilie 12 wa soko moja la Dar es Salaam, halafu hitimisho lake linasema mama ntilie wa Tanzania hawakopi benki. Ripoti kama hiyo inarudishwa, na mahafali yanasogea.

Shida sio hao 12. Utafiti kifani ni kuchimba sehemu moja kwa kina. Mmarekani Robert Yin, aliyeandika kitabu maarufu cha utafiti huo mwaka 1984, anasema kifani hakiwakilishi watu wote, ila kinaweza kupima nadharia. Kwa hiyo mtahini mzuri hahesabu vichwa. Anauliza kwa nini soko hilo na sio lingine. "Lipo karibu na hosteli" haitoshi, hata kama ndio ukweli wenyewe!

Kisha anafuatilia kila dai: limetoka kwenye mahojiano yapi? Daftari la mauzo linakubaliana nayo? Na kama kuna mama mmoja aliyekopa, yumo kwenye ripoti au kafichwa? Akifichwa, maksi zinashuka, hata kama majedwali yamepangwa vizuri.