Nani Atakushuhudia?

Kazi ya kuandika programu za kompyuta ina umri mkubwa kuliko shahada yake. Idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani ilianzishwa Purdue mwaka 1962, na wakati huo kompyuta zilikuwa zimekwisha kutumika jeshini, serikalini na katika makampuni kwa zaidi ya miaka 10. Walioziandikia programu walitoka katika fani nyingine. Margaret Hamilton, aliyeongoza kikosi kilichoandika programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, alikuwa amesomea hisabati. Stephanie Shirley aliingia Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka 5. Alipomaliza sekondari hakwenda chuo kikuu. Aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, akasomea shahada ya hisabati jioni kwa miaka 6, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya programu ambayo kwa muda mrefu iliajiri hasa wanawake waliofanyia kazi nyumbani. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandika programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Sidai kwamba watu hawa hawakusoma. Walisoma sana. Ila mlango wa fani hii walifunguliwa na kazi waliyoweza kuifanya, kwa kuwa cheti chenye jina lake kilikuwa hakijakuwapo.

Leo cheti kipo, na waajiri wanakidai. Sababu zao si za kubezwa. Mwajiri mwenye mamia ya maombi mezani hawezi kuona kilichomo kichwani mwa kila mwombaji, na akimwajiri asiyefaa atalipia kosa hilo kwa miezi mingi. Shahada inamwambia kwamba huyu alichujwa na wengine, akatahiniwa, akavumilia miaka 3 au 4 bila kukimbia. Kwa maneno mengine, shahada ni shahidi. Hapo ndipo wengi wanaotaka kuingia kwa njia nyingine hukosea hesabu. Hujiuliza watajifunzia wapi, na hilo ni swali jepesi siku hizi: hata kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard inapatikana bure mtandaoni kwa mwenye bando. Swali gumu ni nani atakayewashuhudia baada ya kujifunza. Kulundika vyeti vya kozi fupi hakusaidii sana, kwa kuwa maelfu ya wengine wanavyo vilevile, na mwajiri anajua hivyo.

Shahidi anayesikilizwa ni kazi inayotumiwa na mtu mwingine. Kikokotoo kilichotengenezwa kwa kufuata somo la video hakishuhudii lolote, maana majibu yake yote yalikuwa ya mwalimu. Tuchukue OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanzia mwaka 2004 katika juhudi za kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI huko Eldoret, Kenya. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza marekebisho. Nesi au karani wa masjala aliyejifunza kuandika programu ana maarifa ambayo mhitimu wa chuo hana: anajua kwa nini mgonjwa mmoja hujikuta na namba mbili za faili, jinsi jina moja linavyoandikwa kwa tahajia tatu katika vitabu vitatu, ni fomu gani hujazwa jioni kwa kukisia kwa sababu asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Akirekebisha kasoro moja ya namna hiyo, wasimamizi wa programu watamhoji, watamrudishia kazi, pengine mara mbili au tatu, kabla ya kuikubali. Mabishano yote hayo hubaki hadharani, yakiwa na tarehe. Huo ni uanagenzi uleule wa karakana ya seremala, isipokuwa fundi mkuu anaweza kuwa bara jingine. Vivyo hivyo mhasibu wa SACCO anayejua adha ya kulinganisha miamala ya M-Pesa na daftari kila jioni: Safaricom ina mfumo uitwao Daraja, unaowawezesha waandishi wa programu kuunganisha kazi zao na M-Pesa na kuzijaribu bila fedha halisi. Fani unayotoka, basi, ni mtaji wako. Anayeitupa ili aanze kama kijana wa miaka 18 anajifanya maskini kwa hiari.

Pingamizi la kwanza ni zito. Makampuni makubwa yametangaza kwamba hayadai tena shahada, lakini uchunguzi wa Harvard Business School na Burning Glass Institute uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, nchini Marekani, mabadiliko hayo yalileta tofauti katika ajira isiyofika hata 1 kati ya 700. Takwimu hiyo isifichwe. Nasi kwetu nafasi nyingi za serikali hutaja shahada au stashahada katika sifa za mwombaji, na asiyekuwa nayo huchujwa kabla jina lake halijasomwa. Ninachokiona hapo ni kwamba lango la fomu bado limefungwa, kwa hiyo ni busara kupita mahali ambapo kazi yako itaonekana kabla ya fomu yako: hospitali, shule au duka ambalo tayari linakufahamu. Serikali nayo ina la kufanya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, waashi na makanika wakiwamo. Mwandishi wa programu aliyejifunza mwenyewe anastahili mlango kama huo.

Pingamizi la pili linahusu soko lenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwafundisha vijana na kuwaunganisha na makampuni ya nje, iliwaacha wanagenzi wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja walitaka wazoefu. Tangu hapo akili unde imeanza kuandika msimbo mwepesi ambao zamani ulikuwa kazi ya anayeanza. Ni kweli, na hali itazidi kubana. Lakini kinachoshuka bei ni uandishi. Kujua nini kiandikwe, na kutambua pale programu inapotoa jibu lenye sura nzuri lakini la uongo, bado ni kazi ya anayeijua wodi au daftari la hesabu. Kutambua huko kunadai msingi ambao chuo humlazimisha mwanafunzi kuupitia na anayejifundisha huwa mwepesi kuuruka: miundo ya data, hifadhidata, mitandao. Shirley aliutafuta wa kwake jioni, kwa miaka 6. Shule inayoahidi ajira baada ya miezi michache iulizwe wahitimu wake wa mwaka jana wako wapi leo, na ijibu kwa maandishi.

Kabla hujalipa ada popote, chukua karatasi uandike kero moja ya kazi unayoifanya sasa ambayo programu ingeweza kuiondoa, na jina la mtu atakayeitumia programu hiyo. Anza kujifunza yale tu yanayohitajika kuitengeneza. Ada ije baadaye.