Mwaka wa Bwana Katika Kamusi



Wazazi wengine hushtuka waonapo katika vitabu vya watoto herufi C.E. mahali walipozoea A.D. Husema, "Wamemwondoa Kristo katika kalenda!" Basi leo tufungue kamusi ya Kiingereza pamoja.

A.D. si Kiingereza hata kidogo. Ni Kilatini, Anno Domini, yaani "katika mwaka wa Bwana". Wengi wetu shuleni tulidhani ni "baada ya kufa". Kama ndivyo, ile miaka thelathini na zaidi aliyoishi Bwana wetu duniani tungeiweka wapi? Hesabu hii ilianzishwa Roma mwaka 525 na mtawa Dionysius Exiguus, alipokuwa akitengeneza orodha ya tarehe za Pasaka. Orodha za zamani zilihesabu miaka tangu Kaisari Diocletian, mtesi mkuu wa Wakristo, naye Dionysius hakutaka kuendeleza kumbukumbu ya mtu huyo. Hata hivyo alikosea kidogo, maana wataalamu wengi husema kwamba Herode, aliyetaka kumwua mtoto Yesu, alikufa mwaka 4 K.K.

Je, C.E.? Maana yake ni "wakati wa kawaida", yaani hesabu itumiwayo na watu wote. Haikubuniwa jana na wapinga dini. Mwaka 1615 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota na Mkristo wa Kilutheri, aliiita kwa Kilatini hesabu "vulgaris", na Waingereza wakasema "vulgar". Lilikuwa neno safi, la watu wa kawaida. Biblia ya Kilatini nayo yaitwa Vulgata kwa asili hiyo hiyo. Lakini maneno hugeuka. Kamusi za leo zitakuambia kwamba "vulgar" ni mtu asiye na adabu! Ndiyo maana likabaki neno "common", na herufi C.

Ni kweli, wako wapendao C.E. kwa sababu hawamkiri Yesu kuwa Bwana. Wayahudi wengi ni hivyo. Lakini hesabu haikubadilika. Mwaka wa Uhuru wetu ni 1963 kwa herufi zote mbili, na zote huanzia Bethlehemu.

Tena, Luka alipotaka kueleza ni lini Yohana alianza kuhubiri, hakuwa na A.D. Katika sura ya tatu alihesabu kwa utawala wa Kaisari Tiberio, mwaka wa kumi na tano, akamtaja na Pontio Pilato, kisha akaendelea na habari zake.