Skrini Inayowaka Mjini na Kugoma Uru

Mwezi wa saba mlimani siyo mwezi wa mchezo. Huku kwetu Uru ukungu unashuka tangu alfajiri, migomba inadondosha maji kama imenyeshewa, na mpaka saa nne asubuhi watu bado wamejifunika makoti. Ndio mwezi ambao skrini ya kompyuta ya mama iliamua kugoma.

Mama ana kibanda cha steshenari. Kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi inayofanya kazi ikijisikia. Mwezi huo dirisha la maombi ya mkopo huwa wazi, kwa hiyo vijana waliomaliza kidato cha sita wanafika kuanzia saa moja: huyu anataka kujaza fomu ya Bodi ya Mikopo, yule cheti chake cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA, anataka kukipandisha kwenye mfumo. Mimi mwenyewe bumu langu niliombea pale pale, kwenye skrini hiyo hiyo ya inchi 17, mtumba wa siku nyingi.

Sasa ukiiwasha asubuhi, picha inatokea sekunde mbili, kisha giza. Taa ya kitufe inabaki kuwaka. Unazima, unawasha, sekunde mbili, giza. Ukiwa mvumilivu, kwenye saa nne hivi inakubali na inapiga kazi mpaka jioni. Lakini saa nne wateja wa asubuhi wameshapanda gari kwenda Moshi mjini.

Mama akaifunga kwenye kanga akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaichomeka, ikawaka mara ya kwanza. Akaiacha saa nzima, haikuzima. "Mama, hii nzima. Tatizo ni umeme wenu wa huko juu." Akalipa elfu tano ya kupima, akarudi nayo. Kesho yake asubuhi: sekunde mbili, giza. Ndipo akaandikisha jina kwenye mkopo wa VICOBA anunue nyingine. "Nikope tu mwanangu, nitafanyaje?" Nikamwomba anipe siku tatu.

Mimi nasomea ualimu, sio umeme. Ila kuna jambo la darasani lilinisaidia. Mwanafunzi akikaa kimya baada ya kuulizwa, usikimbilie kusema hajui. Labda hakusikia swali. Labda jibu analo ila sauti haitoki. Skrini nyeusi nayo ni hivyo hivyo.

Anza na kama amesikia swali. Chomoa kebo inayotoka kwenye kompyuta, acha waya wa umeme peke yake, kisha washa. Skrini nyingi zikiwa nzima zitaandika zenyewe "No signal" au kuonyesha rangi rangi. Ikifanya hivyo na kutulia, iache na uhamie kwenye kebo au kompyuta. Hapa ndipo wanachuo wengi wanapoliwa hela: mtu anabadilishiwa skrini kumbe RAM ina vumbi. Chomoa kompyuta kwenye umeme, toa RAM, futa meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, irudishe, jaribu tena. Kwenye kebo ya VGA, ile ambayo kichwa chake huwa cha bluu, angalia pini. Ziko 15 kwa safu tatu. Ya kwanza inabeba nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu, kwa hiyo skrini ikigeuka rangi ghafla kuna pini imepinda au imelegea. Pini ya 9 kwenye kebo nyingi haipo tangu kiwandani, usimpige mdogo wako bure.

Yetu iliandika, kwa zile sekunde mbili. Kwa hiyo swali ilikuwa inalisikia.

Kipimo cha pili ni tochi ya simu, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Skrini ya bapa haina mwanga wake kwenye kioo. Mwanga unatoka kwenye taa zilizo nyuma au pembeni. Skrini ikishakuwa giza, funga dirisha, mulika tochi kwa kuinamisha, karibu kabisa na kioo. Niliona faili za mama zimejipanga, hafifu kama maandishi ya chini ya maji. Nilifurahi peke yangu gizani. Maana yake kioo, ambacho ndicho ghali, kilikuwa kizima. Kilichozimika ni mwanga tu. Kama ningekuta kioo kina ufa au mistari ya wima isiyoondoka, ningemwambia mama akakope.

Halafu hoja ya fundi kuhusu umeme. Jirani yetu mwenye mita akatupimia soketi: volti 204. Ni chini ya 230 tunazotarajia. Lakini nyuma ya skrini kuna kibandiko, na ukikisoma kimeandikwa volti 100 hadi 240. Hiyo 204 haikuwa kisingizio. Basi mjini na Uru vinatofautiana nini kingine? Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko juu yake. Baridi! Mama alifika kwa fundi saa saba mchana, jua limewaka, na skrini ilikuwa imeshapata joto ndani ya kanga.

Kwenye bodi ya umeme ya skrini kuna vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita. Kazi yao ni kutunza umeme kidogo na kuutoa kwa utulivu. Ndani vina kimiminika, nacho hukauka taratibu kwa miaka. Kapasita iliyochoka ikipigwa na baridi, ukinzani wake unapanda. Taa za nyuma zinapodai umeme mwingi wa kuanzia, volti inayumba, na saketi ya kinga inazima mwanga. Ukiwasha na kuzima mara nyingi kapasita inapata joto, ndiyo maana ya ile saa nne. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi, hasa za Taiwan, zilitoka na kimiminika kibovu. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitangaza gharama ya dola milioni 300 kwa kompyuta zilizopata shida hiyo. Lakini hata kapasita nzuri huzeeka.

Sasa sikiliza vizuri kabla hujashika bisibisi. Kwenye bodi hiyo kuna kapasita moja kubwa inayokaa na volti kama 325, na inaweza kubaki nazo hata ukishachomoa waya. Inaua. Usiiguse, na usiipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya wababe. Taa za nyuma za skrini za zamani ni mirija myembamba ya kioo yenye zebaki, na zinalishwa volti mia kadhaa. Skrini ya chogo ndiyo usifungue kabisa, ile ina maelfu ya volti.

Yetu niliiacha imechomolewa usiku kucha. Asubuhi nikafungua mfuniko wa nyuma, nikipiga picha kila hatua, na sikugusa bodi. Nilitazama tu. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbili za kwetu zilikuwa zimevimba kama chapati kwenye moto.

Kuchomelea siwezi, kwa hiyo nikaibeba kwa fundi redio wa kijijini, mzee ambaye watu wanampelekea redio za mkulima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta televisheni?"

Nikamweleza. Kwanza akapima ile kubwa kwa mita, ndipo akashika bodi. Zilizovimba zimeandikwa mikrofaradi 1000, volti 25. Mikrofaradi zisibadilike, akaniambia, volti zinaweza kuzidi ila zisipungue, na ule mstari wa upande wa hasi ukikosea itapasuka usoni kwako. Nikatafuta mjini za nyuzi joto 105, shilingi elfu moja moja. Yeye akachukua elfu nne. Jumla elfu sita, nauli usiulize.

Siku ya nne saa moja kasoro, ukungu ukiwa mlangoni, mama akabonyeza kitufe. Sekunde mbili. Tatu. Kumi. Kijana wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye benchi na bahasha yake ya vyeti. Mama hakusema neno kwangu. Alimgeukia, "Haya baba, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne?"